Daftari la marehemu mama: miaka 16 ananilipia zaka na mimi sijui

Mwana wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu. Nauandika siku ya tatu leo, na nikiuchelewesha zaidi najua nitaufuta.

Mama yetu alifariki Mwanza mwezi wa tisa mwaka jana. Alikuwa na presha na sukari, kisha kikaja kiharusi alfajiri anajiandaa kwenda misa ya saa kumi na mbili. Habari za hospitali naziacha. Siku nne, basi. Padri alimuwahi na mpako wa wagonjwa, na mwenyekiti wa jumuiya yake ya kanisani ndiye aliyenipigia simu, maana dada alishindwa kuongea.

Kwa wasiomjua (na wa Mabatini wengi mnamjua, mtanigundua, sina la kufanya): alikuwa anauza dagaa Mwaloni Kirumba tangu mimi sijaanza shule. Mama Kulwa. Kulwa ndiye mimi. Doto, pacha wangu, alikufa kwa surua mwaka 1988 tukiwa na miaka minne.

Mama alikuwa Mkatoliki wa kutopea. Jumuiya, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), rozari, Njia ya Msalaba, vyote. Lakini msimwone kama wale akina mama wanaolia kanisani na mikono juu. Sijawahi kumwona analia kanisani hata kwenye mazishi ya baba. Yeye alikuwa mtu wa hesabu. Alisali kama anavyopima sado: anajaza, anasawazisha kwa kiganja, anaongeza kidogo ya juu, anafunga.

Mnaojua biashara ya dagaa mnaelewa kwamba kalenda yake ni mwezi wa angani. Wavuvi wanatega kwa taa usiku, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, dagaa hawaifuati, mitumbwi inakaa nchi kavu. Giza likirudi ndiyo hela inarudi. Sisi nyumbani tulijua mwezi kuliko watoto wengine: mwezi mchanga nyama, mwezi mpevu michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga. Sasa mama aligundua jambo ambalo mimi nililisikia kwake kabla sijalisoma popote. Pasaka huwa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, hivyo Juma Kuu lote linaangukia mbalamwezi. Kila mwaka! Wenzake walikuwa wananung'unika kwamba sikukuu inawakuta hawana kitu. Yeye anasema, "Mungu kafunga soko mwenyewe ili twende kanisani, nyie mnalalamika nini?" Kisha anaweka akiba ya Pasaka tangu giza la mwezi wa pili.

Tuje kwenye daftari.

Siku ya arobaini, baada ya misa na chakula, tulifungua tranka lake. Dada ndiye aliyekuwa na ufunguo. Ndani mlikuwa na vitenge viwili vya WAWATA (cha tatu alizikwa nacho), rozari tano, moja imekatika ikaungwa kwa uzi wa nyavu, cheti cha ubatizo, karatasi za kiwanja, na kaunta buku ya kwaya tatu iliyofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tukadhani ni madeni ya dagaa. Dada akasema tuangalie, asije akajitokeza mtu kudai.

Haikuwa ya dagaa. Kila ukurasa una safu zilizopigwa rula kwa kalamu nyekundu, na juu yake, kwa ule mwandiko wake wa darasa la nne wenye herufi zilizosimama kama askari: MIMI. MKUBWA. KULWA. DOTO. MDOGO.

Safu ya MIMI ni zaka yake, mwezi kwa mwezi.

Safu ya KULWA inaanza Januari 2009. Mwaka ule niliupata mara moja. Nilikuwa nimeshahamia Dar, nina kazi, nina maneno mengi ya kusoma soma, nikamwambia kwa simu kwamba mambo ya kanisa nimeyaweka pembeni. Nilijiandaa kwa vita. Akajibu, "Haya, baba." Akaulizia kama mvua inanyesha huko. Nikajua yameisha, tena nikajisifu kwa mke wangu kwamba mama ni muelewa. Kumbe lile "haya" lilikwenda kuandikwa.

Elfu moja kwa mwezi hadi mwisho wa 2014. Elfu mbili hadi mwisho wa 2020. Elfu tano hadi Agosti 2025. Miezi 200, haukurukwa hata mmoja. Ipo iliyoandikwa "deni" kwa penseli, halafu pembeni vema nyekundu, maana yake giza lilirudi akalipa. Jumla nimeipiga mara tatu: 496,000. Kuna siku natumia hiyo hela wikiendi moja na marafiki na sikumbuki nilikula nini.

Safu ya MKUBWA ilituchekesha katikati ya msiba. Dada aliolewa na Mwislamu wa Kirumba, akasilimu. Kwake hakuna zaka hata moja. Kila mwaka mara moja: "Ramadhani, tende na sukari kilo 2." Na kweli tende zilikuwa zinafika, dada alikuwa anajua ni zawadi ya bibi kwa wajukuu. Alipoona zimepigwa rula na kutiwa vema kama zaka ya Mkatoliki alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikageuka.

MDOGO ni mlokole, yuko Nyakato na kanisa lake. Safu yake nyeupe, ila juu kabisa ameandika: "Kasema analipa kwao." Vema.

DOTO: kila Novemba, misa ya marehemu. Kila Novemba, kwa miaka yote ya daftari lile.

Hapo ndipo uzi huu ulipoanzia. Mimi niliye hai na pacha wangu aliye kaburini tulikuwa safu mbili zinazogusana, tunalipiwa na mkono mmoja. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na uwezo wa kujilipia.

Sasa nisimalize bila kuwasimulia mazishi, maana mama mwenyewe angeuliza, "Na tulivukaje?"

Kwao ni ng'ambo, upande wa Sengerema. Wa zamani mnaijua foleni ya kivuko Kigongo. Nilipokuwa mdogo tunakwenda kwa bibi, tunatoka Mwanza asubuhi, tukipita njia ya Bukumbi lazima atuoneshe kwa kidole kule misheni ilipo, waliyoianzisha Mapadri Weupe miaka ya 1880, kwamba "dini yetu iliingilia hapa", utadhani ni yeye aliyewapokea. Tukifika Kigongo tunakaa kwenye foleni. Yeye hakuwa na saa. Alipima kwa rozari. "Leo tumevuka kwa rozari mbili" ni safari nzuri. Rozari nne ni siku ya gulio au kivuko kimoja kimeharibika. Wauza samaki wa kukaanga wanapita dirishani, sisi tunameza mate, yeye macho yamefumba, kidole gumba kinasukuma punje. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II alipoongeza Matendo ya Mwanga (mafungu mapya ya rozari, kila tendo Salamu Maria kumi), mama aliyapokea siku hiyohiyo bila ubishi, maana Papa huyo alimwona kwa macho yake alipokuja Mwanza mwaka 1990. (Nilikuwepo na mimi, nina miaka sita. Ninachokumbuka ni miguu ya watu na vumbi.)

Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa Juni 2025. Kilomita tatu juu ya ziwa. Mwezi wa saba nilikuwa likizo nikamvusha kwa gari, nikitarajia atashangilia kama watu wote. Alianza rozari tulipoingia darajani. Tukatokea Busisi. Akafungua macho, akatazama nyuma. "Ndiyo limeisha?" Ndiyo, mama. "Daraja lenu halitoshi hata tendo moja."

Mwezi wa tisa tukampitisha palepale kwenye jeneza. Kosta ya WAWATA ilikuwa nyuma ya gari la maiti, mimi nimekaa kiti cha pembeni ya dereva. Wakaanza tendo la kwanza la uchungu tulipokanyaga daraja. Nikamwomba dereva apunguze. Akapunguza. Nikamwomba tena, akanitazama, akawasha taa za hatari, tukatambaa, malori yanatupita yanapiga honi. Nilikuwa nahesabu Salamu Maria kwa vidole, mimi ambaye sijasali tangu 2009. Ya kumi na "Atukuzwe Baba" vilikamilika magurudumu ya mbele yakiwa bado darajani. Sijui kama anahesabu huko aliko, ila mimi nimelitia vema.

Swali langu kwenu wakuu: Novemba iliyopita misa ya Doto nililipa. Lakini safu yangu mwenyewe tangu Septemba iko tupu. Niendelee kuilipa kwa sababu ya mama, huku siamini? Au ni unafiki? Nawasilisha.

---

Karabai la Ukara

Pole sana mkuu. Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo. Hilo la Pasaka na mbalamwezi ni kweli tupu, mimi mtoto wa mvuvi sikuwahi kuunganisha.

---

Jicho Kavu

Pole kwa msiba. Ila mimi nitasema ukweli ambao wengine wanauogopa. Mama muuza dagaa anatoa elfu tano kila mwezi kwa ajili ya mtu mzima mwenye mshahara Dar, na kanisa linapokea. Hapo hakuna anayejiuliza? Makanisa yanakula hela za wajane, halafu sisi tunaandika nyuzi za kuliza watu. Usiendelee kulipa. Mjengee kaburi zuri.

---

Nya-Kishiri

Jicho Kavu, nyie hamkosekani. Mama wa watu katoa kwa hiari yake, wewe unaumia nini?

Mwenye uzi, jumuiya yenu inaitwaje? Yetu ni ya Mt. Monika, na hadithi yako imenikumbusha yeye, mama wa Mt. Augustino. Augustino hakubatizwa mpaka Pasaka ya mwaka 387, mama yake kalia miaka na miaka, na mwaka huohuo mama akafa Ostia, ugenini, mbali na kwao Afrika. Wanawe wakahangaika kwamba atazikwa ugenini. Akawaambia mwili wauzike popote, wasisumbuke, ila wamkumbuke kwenye altare. Kwa hiyo misa muhimu, kaburi la marumaru liache.

---

Mwana wa Mwaloni

Karabai, asante, pole kwa kituo.

Nya-Kishiri, jina la jumuiya sitaji, nimeshajianika vya kutosha. Wabeja kwa habari ya Monika. Kwetu ilikuwa kinyume: sisi tulitaka kumzika Mwanza karibu na sisi, yeye alishaacha maagizo kwamba ni kwao, kando ya bibi, na ametenga nauli ya kosta. Nauli, jamani! Ilikuwa kwenye bahasha.

Jicho Kavu, sikukasirikii, hata mimi nilianza na hilo. Ila nikupe kisa. Kuna mwaka ulipitishwa mchango wa ujenzi, kila familia kiasi fulani. Kwenye mkutano akasimama mama yangu na penseli sikioni, kama yuko Mwaloni, akauliza mifuko mingapi ya saruji, bei gani, nani kanunua, na ile iliyobaki msimu uliopita iko wapi. Aliyekuwa mbele akasema, "Mama, hii ni kazi ya Mungu." Mama akajibu, "Ndiyo maana nauliza. Ingekuwa yako nisingeuliza." Walileta risiti wiki iliyofuata. Kwa hiyo kudanganywa kwenye hela, yule mama, labda na malaika.

---

Mke wa Baharia Kirumba

Mimi Mwislamu, samahani kwa kuingilia. Niliuziwa dagaa na mama yako miaka, kama ndiye ninayemdhani, mwenye kovu mkononi kwa mafuta. Akiniona nimefunga alikuwa ananifungia mzigo wangu mapema niwahi futari, na wateja wake wa foleni wanakasirika. Mungu amrehemu. Dada yako mwambie asiache kula zile tende.

---

Mwana wa Mwaloni

Ndiye. Kovu la mafuta ya samaki, mkono wa kushoto. Dada nimemsomea ujumbe wako kwa simu, kanyamaza muda mrefu. Asante sana, dada yangu.

---

Ngosha Mstaafu

Kijana, pole. Nina miaka sabini na moja, nilikuwa katekista. Nikuulize moja tu. Mama yako alipokuja kwako Dar, ulimpeleka kanisani?

---

Mwana wa Mwaloni

Mzee wangu, shikamoo. Umenigusa pabaya.

Alikuja mara moja tu, 2022, WAWATA walipofanya jubilei ya miaka 50 hapa Dar. Alikuja na basi na wenzake, ila akaomba ruhusa alale kwangu. Alfajiri yake nilimwitia bajaji. Nilimlipia dereva kwenda na kurudi, nikajiona mwana mwema, nikarudi kulala. Alirudi jioni amechoka, miguu imevimba, anang'aa. Akanieleza wanawake walivyokuwa wengi, vitenge vimefunika uwanja. Mimi naangalia mpira. Nilisema "mmh, safi mama".

Nimefungua daftari kuangalia mwezi ule. Safu ya MIMI imelipwa. Safu ya KULWA imelipwa, na pembeni kwa penseli ndogo kabisa: "kalipa bajaji."

---

Ngosha Mstaafu

Marahaba. Basi usijitese, amekuandikia.

---

Mwana wa Mwaloni (wiki tano baadaye)

Wakuu, mlioniuliza inboksi niliamuaje, majibu haya.

Nilikwenda Mwanza kwa mambo ya kiwanja. Jumamosi jumuiya ilikuwa kwa jirani yetu kule juu kwenye mawe, nikapanda na mimi. Nilikaa nyuma kwenye benchi la mbao, watoto wananishangaa. Walisali rozari, nikajikuta najibu, mdomo haukusahau. Somo likasomwa, watu wakachangia, sikuchangia kitu.

Mweka hazina wa sasa ni binti mdogo tu, amerithi rula ya mama. Nilipomaliza kusalimiana na watu nikamfuata na bahasha yangu, elfu ishirini na tano, Septemba hadi Januari. Nikamwambia naendeleza zaka ya Kulwa. Akafungua daftari la jumuiya, akatafuta, akageuza kurasa, akarudi mwanzo. "Kaka, hapa hakuna Kulwa."

Nikamtolea kaunta buku ya mama, maana nilikuwa nayo kwenye begi. Akailinganisha na yake mwezi kwa mwezi, kidole hapa, kidole pale. Kumbe mama hakuwahi kuwasilisha jina langu. Alikuwa anajumlisha. Bahasha moja, jina moja, lake. Kwenye vitabu vya kanisa yeye ni mwanamke aliyetoa zaka kubwa kidogo kuliko mapato ya dagaa, na hakuna aliyemuuliza. Zile safu zilikuwa zake peke yake.

Nikasema basi, pokea hii, andika jina langu kuanzia leo. Akatikisa kichwa, kwa adabu sana, huku ananiita kaka. Siwezi kulipa zaka pale, mimi si wa jumuiya ile. Nilipe ninakoishi. Na huko Dar kama sijaandikishwa, niende kwa paroko, atataka barua kutoka parokia niliyobatizwa. Hiyo barua yeye anaweza kumwomba katibu aniandikie, nirudi Jumatatu.

Jumatatu nilikuwa na basi.

Akaona nimesimama na bahasha mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta limefungwa. Akauliza, "Kwani ulitaka na misa?" Misa naruhusiwa kulipia popote. Nikasema ndiyo. Akachukua kalamu. Marehemu ni nani? Nikamtaja mama. Akaandika. "Mmoja tu?" Nikasema na Doto. Akaandika Doto chini yake, akapiga mstari kwa rula.

Barua bado sijaifuata. Paroko wa huku ninakoishi simjui hata jina.